Kuhamisha Hesabu ya Benki na Makato Yake

Ninyi mkaao Uingereza, ambako umeme, maji na kodi ya manispaa aghalabu hulipwa kwa idhini ya makato, yaani mwenye hesabu humruhusu mdai ajichukulie haki yake benki, yafaa mjue kwamba tangu Septemba 2013 ipo huduma ambayo kwayo benki mpya, katika siku 7 za kazi, huzihamisha idhini hizo zote, huifunga hesabu ya kale, na madai yatakayopelekwa huko huyaelekeza kwenye hesabu mpya kwa miaka 3 au zaidi.

Taabu humpata afungaye hesabu yake mwenyewe pasipo kupitia huduma hiyo. Na humpata pia aliyempa mdai tarakimu ndefu zilizo usoni mwa kadi, kama vile kwa ada ya gazeti, kwani malipo ya kadi hayahamishwi kamwe, na ni juu yake kumpelekea kila mdai tarakimu za kadi mpya.

Makato yakitoka mara mbili kwa kosa, benki yenu ni lazima irudishe fedha zote mara moja, wala haina ruhusa ya kuwaambia mmfuate mdai kwanza. Haki hii wengi wetu huiacha kwa kuona haya, jambo linisikitishalo mno. Basi kabla ya kutia sahihi ya kuhamisha hesabu, pitieni taarifa za hesabu za miezi 12, maana bima huenda ikatozwa mara moja tu kwa mwaka, na mkiona kosa, ipigieni benki simu siku hiyo hiyo.