Yamfanyayo Mtumishi Kudumu Kazini



Katika Jubilei twawasifu waliotumika miaka mingi. Lakini twasikia pia manung'uniko: Mbona watumishi wa siku hizi hawadumu? Kijana huchunga mwezi mmoja, kisha huenda zake. Wengine husema ni uvivu wa ujana. Jibu hilo halitoshi.

Tutazame kwanza mashamba ya hapa kwetu Tumati. Mtu awaalikapo jirani kulima, huja na majembe yao, wala hakuna awalazimishaye. Huja kwa kuwa naye alikwenda kwao. Tena hulima pamoja nao, na chakula chao ki tayari. Bali yule alaye jasho la wenzake asilirudishe, mwaka wa pili hulima peke yake.

Tukumbuke na mashamba ya mkonge zamani za ukoloni. Kibarua alipewa kipande cha siku 30. Siku haikuhesabiwa mpaka amemaliza sehemu yake yote, na mshahara ulingoja kipande kijae. Sheria ya mwaka 1923 ilimwadhibu mtoro. Hata hivyo watu walitoroka. Maana adhabu yaweza kuufunga mguu, moyo haiufungi. Na Septemba 1947, vitu vilipokuwa ghali na mshahara haba, wachukuzi wa bandari ya Dar es Salaam waliacha kazi, na mgomo ukafuata reli hata bara.

Siku hizi iko Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, na likizo siku 28 kwa mwaka. Ni vyema. Lakini sheria haiketi jikoni mwetu wala zizini. Huko twaketi sisi.

Basi hata asiye tajiri aweza haya matatu: kumlipa mtumishi siku aliyoahidi, maana ahadi ni deni, kumweleza kazi yake kabla hajaianza, asimwongezee nyingine kimyakimya, na kumfundisha, ili siku ya kuagana aondoke akijua zaidi ya alivyokuja. Kabla ya kuuliza kama yeye ni mwaminifu kwetu, tujiulize kama sisi tu waaminifu kwake.

Mavuno yakiingia mwaka huu, aliyeyavuna na awe amekwisha kulipwa kabla mlango wa ghala haujafungwa.