Ubao Huandikwa Kabla ya Kununuliwa

Mhadhara wa umma, Mpanda



Katika makadirio ya ujenzi ninayoletewa nikague, mstari wa mbao mara nyingi una maneno mawili tu: "mbao ngumu". Saruji imeandikwa daraja lake, nondo kipenyo chake, bati geji yake. Mbao itakayolibeba hilo bati imeachiwa maneno mawili. Mwenye jengo anaamini amelipia mninga. Muuzaji anashusha mtundu mbichi. Fundi anaupigilia jioni hiyohiyo kwa kuwa mvua za Novemba ziko mlangoni. Ukitafuta aliyevunja mkataba humpati, maana karatasi yenyewe iliruhusu.

Hapa Katavi kosa hili lina uchungu wa pekee, kwa sababu tunaishi ndani ya miombo na watu wetu wanaijua miti. Mzee wa Kikonongo anayechonga mzinga wa gome huko Inyonga hakosei mti wa kuutoa. Ujuzi huo tunauacha porini tunapoingia ofisini.

Tuanze na mninga, kwa sababu kila mtu anautaja. Sifa zake ni za kweli. Ukikauka, mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 640 hivi, mwepesi kuliko mkora, na hausinyai sana wala haupindi ovyo. Ndiyo maana mlango wa mninga hufunga vizuri kiangazi na masika. Moyo wake mchwa huuogopa. Lakini moyo tu. Sehemu nyeupe ya pembeni, iliyo kati ya gome na moyo, ni chakula cha fukusi. Niliwahi kupanda darini mwa jengo la darasa ambalo halikuwa hata na miaka kumi. Kwenye kenchi kulikuwa na unga mwembamba kama wa muhogo, na nilipobonyeza ukingo wa boriti kidole kikazama. Karatasi ilisema mninga, na kweli ulikuwa mninga. Haikusema moyo.

Tena mti huu hukua kwa subira inayotisha. Mche wake hufa juu kila kiangazi na kuchipua tena kutoka mizizini, mwaka baada ya mwaka, mpaka mzizi upate nguvu ya kusukuma shina lisilorudi chini. Baada ya hapo huhesabu miongo ndipo utoe gogo la kupasuliwa. Kuutumia mti kama huo kwa papi za darini, mahali pasipoonekana na pasiponyeshewa, ni kuutupa. Mimi ningeupa milango, madirisha na fremu zake, basi.

Sasa unyevu, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa ndipo majengo mengi yanapoharibikia. Mti ukiangushwa umejaa maji. Ukianza kukauka hausinyai mara moja. Hutoka kwanza maji yaliyo huru ndani ya matundu, hadi unyevu ufike karibu asilimia 30, na kuanzia hapo kila tone linalotoka linaubana ubao. Haubani sawa pande zote: kufuata mzingo wa pete hubana karibu mara mbili ya kutoka moyoni kwenda gomeni, na kwa urefu ni kama hakuna. Tofauti hiyo ndiyo inayoupinda. Ubao wa kawaida wenye upana wa milimita 200, ukipigiliwa mbichi, unaweza kupoteza milimita 8 ukikaukia ukutani. Mpanda yetu ina mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha miezi mingi bila tone. Ubao uliopigiliwa Februari utawadai Agosti.

Kupima unyevu hakuhitaji maabara. Kata kipande katikati ya ubao, si nchani kunakokauka haraka. Kipime kwa mizani sahihi, kikaushe katika oveni kwenye nyuzi 103 hadi uzito usishuke tena, kisha kipime upya. Kikiwa gramu 130 kikashuka hadi 100, unyevu ulikuwa asilimia 30. Mbao hiyo irudi kwenye rundo, kivulini, ikitenganishwa kwa vijiti ili upepo upite, na ikae miezi.

Kwa darini tunayo misindano inayotoka Mufindi, kwenye shamba la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali. Msindano mtupu hauwezi mchwa wetu. Ukitiwa dawa ya shaba, kromi na arseniki kwa mgandamizo wa mtambo, unadumu. Rangi ya kijani usoni haithibitishi kitu: kata ubao mmoja uone dawa imeingia wapi. Na kila mnapokata, ncha mpya ipakwe dawa. Oili chafu si mbadala wa dawa hiyo: hubaki juu juu, haizami. Vipande vinavyobaki visiende jikoni kabisa. Arseniki haiungui ikaisha. Inakaa kwenye majivu na moshi, na anayeinama juu ya mafiga ni mama mwenye mtoto mgongoni. Hilo liandikwe ndani ya mkataba.

Nguzo ya mti isizikwe ardhini hata ikiwa ya mkora, kwa kuwa huoza pale inapotokea juu ya udongo, ambapo hewa, maji na mchwa hukutana. Ikae juu ya zege, kwenye kiatu cha chuma.

Karatasi idai pia hati ya kusafirishia na alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Mkurungu, ndugu wa mninga, ulivunwa kwa pupa hadi ukawekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mwaka 2019. Mwaka 2022 ikafuata mninga na mkora wa Afrika. Jengo la umma lisijengwe kwa gogo la wizi.

Kwa hiyo, wakadiriaji majenzi na wasanifu mlio hapa, mstari wenu usomeke hivi: "Fremu za milango: mninga, moyo mtupu bila weupe, inchi 2 kwa 4 baada ya kurandwa, unyevu usiozidi asilimia 12 siku ya kufungwa, wenye hati na nyundo." Nanyi mafundi, mkipewa karatasi yenye maneno mawili, irudisheni kabla hamjashika msumeno.