Babu Huyu Alikuwa Nani? Tutafute Habari za Wazee Wetu Kabla Hazijapotea

(Haya ni maneno tuliyoyasema katika semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika hapa ili na wale ambao hawakufika wayasome katika vikundi vyao.)



Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wa maziwa wala pesa za mzunguko. Tunataka kuzungumza juu ya watu waliokufa zamani. Mtu atauliza: wafu na maendeleo, wapi na wapi? Ngojeni kidogo.

Karibu kila ukoo una mtu mmoja ambaye habari zake haziishi. Yule aliyekwenda pwani na pembe za ndovu akarudi na shanga na vitambaa. Yule mama aliyemkemea chifu barazani mbele ya watu wote. Watoto wakisikia wanacheka, na wazee nao wanaongeza chumvi. Hapo hakuna ubaya. Lakini sisi tunaotembelea vikundi tumeona jina la mtu kama huyo likigeuzwa kuwa fimbo ya kupigania.

Katika sehemu moja, nyumba mbili za ukoo mmoja zilisimamisha kazi ya kuchimba silanga. Nyumba ya mke mkubwa ilisema babu aliwapa wao mahali pale. Nyumba ya mke mdogo ikasema vivyo hivyo. Mvua ikanyesha, maji yakaenda zake, na akina mama wakaendelea kuteka maji mbali. Tulipokaa na wazee, nyanya mmoja mkongwe, aliyeolewa pale zamani, akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza: mahali pale palikuwa njia ya ng'ombe, na babu aliwaachia watu wote. Ugomvi haukuisha siku hiyo. Lakini siku hiyo ndipo walipoanza kuzungumza juu ya silanga, wakaacha kuzungumza juu ya babu.

Kwa hivyo kutafuta habari za mzee wa zamani ni kazi, na ina njia zake. Hebu tuchukue mfano wa mtu anayejulikana.

Kivoi wa Mwendwa alikuwa mfanyabiashara wa Kitui. Aliongoza misafara ya pembe za ndovu mpaka pwani, wakati ambapo hapakuwa na reli wala barabara. Mwaka 1849 mmishenari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alifika kwake. Kivoi alimwambia kwamba yeye amefika Uchagani na kuuona mlima mweupe wa huko, na kwamba uko mwingine upande wa Ukikuyu. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf aliuona kwa macho yake. Jina la mlima huo, vile alivyolisikia na kuliandika, ndilo lililokuja kuwa jina la nchi yetu. Huko Ulaya wako wasomi waliokataa kabisa kwamba theluji inaweza kuwako karibu na ikweta. Lakini mfanyabiashara wa Kitui alikuwa amesema kweli.

Mwaka 1851 Krapf alirudi, wakafunga safari pamoja kuelekea mto Tana. Wanyang'anyi wakawavamia, Kivoi akauawa. Krapf aliponyoka, akatangatanga na njaa na kiu. Alipofika kwa jamaa za Kivoi, walimlaumu kwa kifo cha mtu wao, na maisha yake yakawa hatarini. Ikabidi atoroke tena.

Sasa tazameni jambo hili. Kitabu cha Krapf kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1858, na kwa Kiingereza mwaka 1860. Mengi yanayosomwa juu ya safari hiyo yametoka kwa kalamu yake. Jamaa za Kivoi hawakuandika kitabu. Uchungu wao tunausoma kupitia maneno ya mtu yule yule waliyemlaumu. Hatusemi Krapf alidanganya. Tunasema kesi yenye shahidi mmoja haijaisha. Na sisi nyumbani ni hivyo hivyo: kila nyumba ina shahidi wake mmoja, na inadhani kesi imekwisha.

Basi tufanyeje?

Kwanza, anzeni na wazee walio hai, na msingoje. Lakini usimwulize mzee, "Babu yako alizaliwa mwaka gani?" Mwulize, "Wakati wa njaa ile alikuwa mkubwa namna gani?" Ukambani wazee wanaijua Yua ya Ngomanisye, njaa ya mwisho wa miaka ya 1890. Wanaijua pia Yua ya Ndeke ya 1961, wakati ndege zilipoleta chakula. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwachukua wanaume wengi kuwa wabeba mizigo, ndio wa Kariakoo. Mwaka 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kupinga kupunguzwa kwa ng'ombe wao. Hiyo ndiyo kalenda yenu. Mahali ambapo watu wana majina ya rika, tumieni rika.

Pili, waulizeni akina mama. Mama aliyeolewa katika ukoo alisikia maneno ya nyumba mbili, ya kwao na ya kwa mumewe. Mara nyingi hakuna anayemwuliza.

Tatu, tembeeni mahali penyewe. Mti, kaburi, njia ya zamani au jina la kilima humkumbusha mzee mambo ambayo akiwa amekaa kitini hayakumbuki.

Nne, tafuteni karatasi. Rejista za ubatizo katika parokia zinaonyesha majina ya wazazi na wasimamizi. Familia nyingine bado zimeweka kipande cha babu, kile ambacho wakoloni walilazimisha wanaume kuvaa shingoni. Ofisi za ardhi zina rekodi za mashamba. Na Nairobi iko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965. Humo mna ripoti za kila mwaka za ma-DC wa enzi ya ukoloni. Si lazima mwende wote. Changeni nauli, mtume kijana mmoja anayejua kusoma vizuri, na aende na kitambulisho.

Tano, andikeni. Andikeni habari, jina la aliyeisema, na tarehe. Wazee wawili wakipingana, andikeni maneno ya wote wawili. Msichague la kupendeza.

Na muwe tayari. Mkitafuta shujaa, mnaweza kukuta na mengine. Biashara ya pembe ya enzi zile mara nyingi ilikwenda pamoja na biashara ya watumwa. Wako wazee waliosimamia kodi kwa niaba ya wakoloni. Msifute. Mtoto akiambiwa sifa tu, siku moja ataukuta ukweli kwa jirani, na hapo hatawaamini tena hata katika yale ya kweli.

Ndugu zetu, hatuwezi kumfufua mzee aulizwe. Lakini wale waliomwona au waliosikia habari zake kwa aliyemwona, wengine wako hapa hapa kijijini, wanaota jua. Nendeni kwao mwezi huu.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Ni mzee au mama gani wa zamani anayetajwa sana kwetu? Habari zake tulizipata kwa nani?

2. Je, kuna kazi ya kikundi iliyokwama kwa sababu ya maneno ya "babu alisema"? Ni nani hajaulizwa bado?

3. Nani kati yetu ataandika, na daftari litakaa kwa nani?