Kazi Iliyokuwa Ikifanywa na Maji



Nianze na kamba. Ni kamba ya katani iliyofungwa vitambaa vyekundu kila baada ya sentimita 25. Watu wawili wameivuta kutoka tuta hadi tuta, na mama aliyeinama jarubani anachomeka mche mmoja penye kila kitambaa. Mche una siku kumi tu, majani mawili, na punje iliyouzaa bado inaning'inia mizizini. Akimaliza, ukisimama tutani huoni kitu ila tope. Jirani akipita humuuliza kama mbegu imemwishia.

Hicho ndicho kilimo shadidi cha mpunga. Kilianzia Madagaska, Bukini ya wazee wetu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa padri Mjesuiti Henri de Laulanié na wakulima aliofanya nao kazi. Kwetu Tanzania, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamekifanyia majaribio Mkindo, wilayani Mvomero. Kenya kimefika Mwea. Zamani tulichomeka miche mitatu minne kwa shimo, ya wiki tatu au nne, na jaruba likashinda limejaa maji msimu mzima. Sasa jaruba hunyweshwa, huachwa likauke mpaka udongo uanze kupata nyufa, kisha hunyweshwa tena. Mizizi hupata hewa ikashuka chini, na mche mmoja hutoa machipukizi tele. Mbegu hupungua, maji hupungua, na mara nyingi mavuno huongezeka. Mahali ambapo masika yanachelewa, na mwenye jaruba la mwisho wa mfereji anaamka usiku kungoja zamu isiyofika, hayo ni mambo makubwa.

Basi sisi watafiti tukahesabu magunia, tukaandika kwamba mkulima ameweza kuhimili mabadiliko ya tabianchi. Nimeandika hivyo mimi pia. Leo naona tulifunga hesabu mapema.

Maji yale hayakuwa ya kunywesha mpunga peke yake. Yalikuwa yakiua magugu. Yaondoe, na ndago inatangulia mpunga kuchipua. Palizi ya kwanza inafika siku ya kumi tu baada ya kupandikiza, kisha nyingine, na nyingine, hadi majani ya mpunga yafunike udongo. Katika vijiji vingi palizi ni kazi ya wanawake. Kwa hiyo kazi iliyokuwa ikifanywa na maji imehamia kwenye migongo ya mama zetu na dada zetu, na katika ripoti zetu imesomeka kama maji yaliyookolewa. Mashine ya kusukuma kwa mkono inasaidia, lakini inataka mistari iliyonyooka, na inataka fedha ya kuinunua au kuikodi. Asiyekuwa nayo huinama, au huajiri vibarua kwa mkopo.

Na mkopo una mwenyewe. Mfanyabiashara aliyetoa fedha za palizi huja siku ya mavuno, wakati kila mtu anauza na bei imelala. Hununua kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, na hulipa bei ya gunia moja. Mbegu nayo ina lake: SARO 5 inazaa zaidi kuliko Supa, lakini mlaji wa mjini anapenda harufu ya Supa na ndiyo anayoilipia zaidi. Mkulima anaweza kuongeza magunia, na bado ifikapo Februari akanunua mchele dukani, mchele wa kijiji chake mwenyewe, kwa bei ya juu.

Siwaambii wakulima warudie mafuriko ya jarubani. Maji ya kurudia hayapo. Ninachodai ni kwamba fedha za umma zinazojenga mifereji zijenge pia ghala la kijiji na zinunue mashine za palizi za kutumia kwa zamu, kama maji yenyewe yanavyogawanywa kwa zamu.

Upande wetu, dodoso tunalokwenda nalo shambani lina nafasi ya eneo, mbegu, mbolea, maji na magunia. Siku za palizi, na nani aliyepalilia, hazimo. Msimu ujao zitakuwa swali la kwanza.