Hata Anayesoma Kioo Naye Asome



Tumezoea kuhimizana twende tukapimwe kansa ya mlango wa kizazi. Vizuri sana. Lakini leo nauliza: je, yule anayetupima naye anaendelea kusoma?

Mama akitolewa chembe, hupakwa kwenye kioo, kisha daktari wa patholojia huzitazama kwa hadubini. Papanicolaou na Traut waliandika kitabu cha njia hii huko Marekani mwaka wa 1943. Mambo hayakusimama hapo. Mwaka wa 1988 wataalamu walikutana Bethesda wakapatana jinsi ya kuandika majibu. Utaratibu huo umerekebishwa 1991, 2001 na 2014. Sasa asiyerudi darasani atajuaje?

Akipitwa na chembe mbaya, mama anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Akiona ubaya ambao haupo, mama anatibiwa bure.

Kwa hivyo, kamati ya afya ikiomba mashine, iombe pia pesa za mafunzo. Nawe mama, usione haya kuuliza kama kioo chako chaweza kutazamwa na mtu wa pili. Kioo huwekwa, na husomeka tena.