Dawa Nyingi Kabatini: Kompyuta Inavyoweza Kumsaidia Daktari Kuzipunguza

 

Mazungumzo ya leo yanahusu ile mifuko ya dawa iliyo nyumbani. Nyingine bado zina kazi. Nyingine kazi yake iliisha zamani, lakini hakuna aliyesema ziachwe.

Chukulia mama wa miaka 72 anayeishi Kitengela. Kliniki moja inampa amlodipini ya presha. Miguu inavimba, jambo ambalo dawa hiyo inajulikana kulisababisha. Mama hajui hilo. Safari ijayo anaenda Athi River, kwa kuwa ndiko mwanawe anakofanya kazi, na huko uvimbe unachukuliwa kuwa ugonjwa mpya. Anapewa furosemaidi, dawa ya kukojoza. Sasa anaamka usiku mara tatu, kichwa kinazunguka, na siku moja anaanguka akielekea choo cha nje. Kiuno kinauma. Anamtuma mjukuu duka la dawa kununua diklofenaki. Dawa hiyo ya maumivu inaweza kupandisha presha, na ikitumiwa pamoja na ile ya kukojoza inaweza kuumiza figo. Kliniki inayofuata inaona presha imepanda, inaongeza amlodipini. Mzunguko unaanza upya.

Kila mhudumu alitibu alichokiona. Hakuna aliyeiona orodha nzima.

Madaktari wameujua ugumu huu kwa miaka mingi. Mwaka 1991, daktari Mmarekani Mark Beers na wenzake walichapisha orodha ya dawa zisizowafaa wazee wanaoishi katika makao ya kuwatunza. Mwaka 2008 wataalamu wa Ireland wakatoa miongozo ya STOPP na START: mmoja wa dawa za kusimamisha, mwingine wa zile zinazostahili kuanzishwa. Miongozo hiyo ni mirefu, na daktari mwenye foleni hadi nje ya mlango hana nafasi ya kuipekua kwa kila mgonjwa. Hapo ndipo kompyuta inapofaa.

Nchini Kanada kuna programu iitwayo MedSafer. Inapokea umri wa mgonjwa, magonjwa yake na dawa anazotumia, kisha inamwonyesha daktari zipi zinaweza kuachwa na zipi ni za kupunguzwa polepole. Uamuzi unabaki kwa daktari na mgonjwa. Ilijaribiwa katika hospitali 11 kwa wagonjwa 5,698 wa miaka 65 na zaidi, waliokuwa wakitumia dawa 5 au zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Wagonjwa walioachishwa dawa zisizofaa waliongezeka kutoka karibu asilimia 30 hadi 55. Hata hivyo, madhara ya dawa katika siku 30 za kwanza baada ya kutoka hospitalini hayakupungua. Afadhali wananchi waambiwe yote mawili: dawa zilipunguzwa bila madhara kuongezeka, lakini programu si muujiza.

Tena programu kama hiyo inajua tu kile ilichoambiwa. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 inakusudia kuunganisha rekodi za matibabu nchini, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazitambua taarifa za afya kuwa nyeti. Lakini diklofenaki iliyonunuliwa dukani jioni bila cheti haimo kwenye rekodi yoyote. Wala haimo mizizi na magome yanayochemshwa kwenye supu, ambayo wengi hapa wamekua nayo. Kumtajia daktari dawa hizo si aibu. Naye akikemea badala ya kusikiliza, atakuwa amejinyima habari anayoihitaji.

Kwa hiyo kila mgonjwa abebe dawa zake zote kliniki, pamoja na pakiti zake, au mjukuu azipige picha kwa simu. Aulize kila moja ni ya nini na itaisha lini.

Onyo moja, na hili lisisahauliwe: mtu asiache dawa mwenyewe baada ya kusikia mazungumzo haya. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla zinaweza kuleta degedege. Prednisoloni iliyotumiwa muda mrefu, na dawa za moyo kama atenololi, hupunguzwa hatua kwa hatua. Za kifua kikuu humalizwa, na ARV huendelea. Hata yule mama wa mfano hawezi kuacha tu amlodipini. Presha yake ingali inahitaji dawa, pengine ya aina nyingine.

Anayetumia dawa 5 au zaidi amwambie mhudumu mapema, anapojiandikisha, kwamba angependa dawa zake zipitiwe. Kazi hiyo huchukua muda zaidi ya kupima presha, na ni vigumu kuianza mgonjwa akiwa ameshafika mlangoni akitoka.