Ukurasa Mmoja Watosha Kuambukiza Kompyuta

(Maneno ya mkufunzi wa kompyuta mbele ya wazee, kina mama na vijana wa Kibajuni kambini.)



Nimeombwa nieleze kwa nini kompyuta moja ya darasani imefungwa. Haikuvunjika. Iliambukizwa. Kijana wetu alikuwa akitafuta habari za kuhamishiwa nchi ya tatu. Alifungua ukurasa ulioandikwa kwamba majina mapya yametoka, akafuata maagizo yake. Simlaumu. Tangu Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025, nani kati yetu asiyetafuta habari? Matapeli wanalijua hilo, na ndiyo sababu chambo chao wanakitia hapo.

Kila ukurasa wa intaneti huweza kuwa na amri zilizofichwa, ziitwazo skripti. Nyingi ni za halali: ndizo zinazofungua menyu na kuonyesha picha. Brauza, yaani programu ya kusomea kurasa, huzizuia zisiguse mafaili yako. Skripti mbaya hupata njia kwa milango miwili. Wa kwanza ni tundu katika brauza au Windows ya zamani isiyosasishwa. Wa pili ni mkono wako mwenyewe: unaambiwa upakue kitu, nawe unakubali.

Tangu 2024 imeenea hila moja. Ukurasa unakuambia uthibitishe kuwa wewe ni mtu, si mashine. Kisha unakuagiza ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Ukifanya hivyo umeiamuru kompyuta yako imlete mwizi ndani. Ndivyo ilivyokuwa kwa kompyuta yetu. Hakuna ukurasa wa kweli unaoomba jambo hilo.

Hila hizi si mpya. Mei 2000 ilienea barua-pepe iliyojifanya barua ya mapenzi. Faili lake lilionekana kama maandishi ya kawaida, lakini jina lake liliishia kwa .vbs, maana yake ni skripti. Liliharibu picha za watu na kujituma kwa kila anwani iliyokuwamo. Kwa hiyo tazameni herufi za mwisho za jina la faili.

Sasa, ikishaingia tufanye nini? Ninyi ni watu wa bahari. Dau likivuja, kufua maji ya ngama peke yake hakutoshi. Utafua hadi mkono uchoke. Ni lazima ulivute pwani, utafute tundu, utie kalafati. Kompyuta ni vivyo hivyo.

1. Ikate na intaneti mara moja. Usichomeke flashi yako, wala usiandike neno lolote la siri.

2. Fungua Windows Security, ufanye ukaguzi kamili. Kisha fanya ule wa nje ya mtandao, ambao kompyuta hujiwasha upya na kujikagua. Ikihitaji taarifa mpya za virusi, unganisha kwa muda mfupi tu.

3. Ndani ya brauza, ondoa viongezo usivyovijua, na ufute ruhusa za kurasa zinazokutumia matangazo. Ondoa pia programu ambazo hukuziweka wewe.

4. Kwa kifaa kingine kilicho salama, badilisha maneno ya siri, ukianza na barua-pepe. Toka katika vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia, na uweke uthibitisho wa hatua mbili. Wezi hupenda kuchukua maneno ya siri kwanza, na kuisafisha kompyuta hakuyarudishi.

5. Dalili zikibaki, hifadhi picha na hati zako tu, usihifadhi programu, kisha Windows ifutwe na kuwekwa upya. Mwite mkufunzi. Si aibu.

Kalafati yenyewe ni kusasisha. Windows 7 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025. Kompyuta za msaada nyingi ni kuukuu, basi ulizeni ni ipi kabla ya kuandika siri zenu.

Mwisho, wazee wangu. Katika kompyuta ile zilikuwamo nakala za karatasi za familia tatu. Mtu aliyetoka Chula, Koyama au Kismayu bila chochote, karatasi ile ndiyo nyumba yake. Wekeni nakala nyingine mahali pengine. Na kumbukeni kwamba huduma za UNHCR na washirika wake ni bure, na nafasi ya kuhamishwa haiuzwi. Ukurasa ukikuomba pesa au neno lako la siri, ufunge, uje utuambie. Aliyedanganywa akisema mapema, wengine watasalimika.